Matokeo ya madiwani Suffolk 2023: mbona jumla ya kura inazidi idadi ya waliopiga?

Kalamu_na_Rula:

Wakuu, habari zenu. Naandaa jedwali la matokeo ya mabaraza ya wilaya katika kaunti ya Suffolk, Uingereza, uchaguzi wa Alhamisi tarehe 4 Mei 2023. Natumia fomu za kila kata kama zilivyotangazwa na wasimamizi wa uchaguzi. Nimekwama sehemu tatu.

Ya kwanza: kwenye kata kadhaa, nikijumlisha kura za wagombea wote napata idadi kubwa kuliko karatasi zilizotoka sandukuni. Nikigawanya kwa walioandikishwa inaonekana zaidi ya nusu walijitokeza, na fomu yenyewe inasema kama theluthi tu.

Ya pili: East Suffolk imeandikwa kwamba hakuna chama chenye wingi. Chama cha Kijani kilipata viti 16 kati ya 55, lakini kiongozi wa baraza akatoka kwao. Inakuwaje?

Ya tatu: nataka kuweka safu ya asilimia ya kura za kila chama kwa wilaya nzima. Kanuni ipi inafaa? Na Ipswich niiweke humohumo?

Mhakiki_wa_Sanduku:

Mkuu, kujumlisha umejumlisha sawa. Tatizo ni kwamba unachanganya karatasi na kura, na kwenye kata hizo ni vitu viwili tofauti.

Wilaya za huko zina kata zinazotoa diwani mmoja, wawili au watatu. Kata ikiwa na viti viwili, mpigakura anapewa karatasi moja yenye majina yote na ana ruhusa ya kuweka alama mpaka mbili. Hapangi nani wa kwanza nani wa pili, anaweka alama tu, na wawili wenye kura nyingi wanapita. Akitaka kumpigia mmoja akaacha alama ya pili, karatasi yake ni halali kabisa. Kwa hiyo karatasi zinahesabu watu, kura zinahesabu alama.

Chukua mfano wa kubuni wa kata ya viti viwili. Walioandikishwa 4,200. Karatasi zilizotoka sandukuni pamoja na za posta 1,470. Zilizokataliwa 9, kwa hiyo halali ni 1,461. Chama A kimesimamisha wawili: 702 na 651. Chama B wawili: 548 na 431. Chama C mmoja tu: 240. Jumla ya kura ni 2,572.

Waliojitokeza ni 1,470 gawanya kwa 4,200, yaani asilimia 35. Zile 9 zilizokataliwa zimo, kwa sababu wenyewe walifika wakapiga kura. Ukigawanya 2,572 kwa 4,200 unapata asilimia 61.2, na hapo ndipo ulipoteleza.

Sasa fanya ukaguzi huu kila kata. Karatasi halali mara idadi ya viti ndicho kikomo cha kura: 1,461 mara 2 ni 2,922. Toa 2,572, zinabaki 350, ambazo ni alama ambazo watu hawakuzitumia. Jibu likitoka hasi, umekosea kunakili tarakimu au umeandika kata ya viti viwili kana kwamba ni ya kiti kimoja. Likitoka sifuri kwenye kata ya viti viwili, litilie shaka pia, maana karibu kila kata ina watu wanaoweka alama moja, hasa chama kikisimamisha mgombea mmoja tu kama C hapo juu.

Nieleze kidogo ukumbi wa kuhesabia unavyofanya kazi, kwa sababu ndiko zinakotoka tarakimu unazonakili. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Kila kituo kinaleta sanduku na taarifa ya karatasi: zilizopokelewa, zilizotolewa, zilizoharibika zikabadilishwa, zilizobaki. Kazi ya kwanza si kuhesabu nani kapata nini. Ni uhakiki: karatasi zilizomo sandukuni zinahesabiwa na kulinganishwa na taarifa ya kituo. Zisipolingana zinahesabiwa tena mpaka tofauti ipate maelezo. Mara nyingi sababu ni ndogo: karatasi mbili zimeshikana, mpigakura ameondoka na karatasi mfukoni, au karatasi ya baraza la kijiji imejichanganya na ya wilaya siku ambayo chaguzi zote mbili zinafanyika pamoja. Karatasi iliyotumbukizwa kwenye sanduku la uchaguzi mwingine haipotei, inarudishwa kwenye fungu lake na kuhesabiwa.

Baada ya uhakiki, kwenye kata ya kiti kimoja ni kupanga mafungu na kuhesabu, basi. Kwenye kata ya viti viwili au vitatu kazi ndiyo inaanza. Kwanza zinatengwa karatasi ambazo mtu kawapa alama zake zote wagombea wa chama kimoja. Hizo ni rahisi, karatasi 100 ni kura 100 kwa kila mmoja wao. Zinazobaki ni za mchanganyiko, mtu kampa mmoja wa A na mmoja wa B. Njia moja maarufu ni kuzibandika karatasi hizo kwenye karatasi kubwa (bango) zikilaliana kama makuti ya paa, kila moja ikiacha wazi ukingo wenye alama tu. Hapo mhesabuji anafuata mstari wa jina moja kutoka ukingo mpaka ukingo na kuandika idadi mwishoni. Kisha anajumlisha safu nzima na kuona kama inalingana na idadi ya karatasi zilizobandikwa ikizidishwa kwa mbili, ukitoa alama ambazo hazikutumika. Ni ukaguzi uleule niliokupa, ila wao wanaufanya kwa kila bango.

Makosa yanayojificha hapa ni mawili. Bango zima linaandikwa kwenye jina lililo jirani, au fungu la chama kimoja linaingizwa kwa mgombea wa kwanza na kusahauliwa kwa wa pili. Ndiyo maana wakala mzuri hakai kwenye mafungu makubwa, anakaa kwenye mabango ya mchanganyiko.

Tarakimu_Hazisemi_Uongo:

Nianzie kwenye zilizokataliwa, kwa sababu watu wengi wanazisoma vibaya. Fomu inazigawa kwa sababu nne: karatasi haina alama rasmi, mtu ameweka alama nyingi kuliko viti, ameandika kitu kinachoweza kumtambulisha, au karatasi haina alama kabisa ama haieleweki alimtaka nani. Alama si lazima iwe mkasi. Vema, mstari au hata neno "ndiyo" kwenye kisanduku kimoja linakubalika ikiwa nia ya mpigakura iko wazi.

Aliyeweka alama tatu kwenye kata ya viti viwili karatasi yake yote inakataliwa, kwani hakuna wa kuamua ipi ifutwe. Lakini aliyeweka alama moja safi, na nyingine ikaangukia katikati ya majina mawili, anakataliwa sehemu tu: ile safi inahesabiwa. Ukiona mstari wa zilizokataliwa kwa sehemu, usiutoe kwenye karatasi halali.

Kura za posta ambazo saini au tarehe ya kuzaliwa haikulingana na kumbukumbu zinaondolewa mapema, bahasha zikifunguliwa. Hazimo kwenye safu ya zilizokataliwa. Vilevile waliorudishwa kituoni kwa kukosa kitambulisho chenye picha hawamo popote kwenye fomu hiyo. Mei 2023 ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sharti hilo kutumika katika uchaguzi wa mabaraza kote England, na Tume ya Uchaguzi ilikadiria kuwa watu wapatao 14,000, kama asilimia 0.25 ya waliojaribu kupiga kura vituoni, hawakuweza. Idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa wapo waliosoma tangazo mlangoni wakageuza kabla ya kufika mezani, na hao hakuna aliyewaandika. Hili linaniuma. Mtu aliyefika mpaka mlangoni na nia ya kupiga kura anastahili angalau kuonekana kwenye hesabu.

Kuhusu asilimia ya chama: hakuna kanuni moja ambayo sheria inailazimisha. Chagua moja, iandike wazi chini ya jedwali, usiibadilishe katikati. Rudi kwenye kata ya Mhakiki. Ukijumlisha kura zote: A 1,353, B 979, C 240. Asilimia ni 52.6, 38.1 na 9.3. Ukichukua mgombea mwenye kura nyingi wa kila chama: 702, 548 na 240, jumla 1,490. Asilimia zinakuwa 47.1, 36.8 na 16.1. Kata ileile, kura zilezile, na C ametoka 9.3 hadi 16.1!

Ya kwanza inamwadhibu C kwa sababu tu hakupata mtu wa pili wa kumsimamisha. Mimi natumia ya pili, ya mgombea bora. Inakaribia zaidi idadi ya watu waliokiunga mkono chama, na vyama vidogo mara nyingi havisimamishi wagombea wa kujaza viti vyote. Ina udhaifu wake: mgombea anayependwa binafsi, daktari wa kijijini au mtu aliyekuwa diwani miaka 20, anakipandisha chama kizima.

Kisha angalia waliopita bila kupingwa. Wagombea wakiwa sawa na idadi ya viti, siku ya kura hakuna kupiga kura kwenye kata hiyo. Chama kinapata kiti na sifuri ya kura. Viti hivyo viweke kwenye safu ya viti na uviache nje ya asilimia, ukiandika ni vingapi.

Njia_Panda:

Swali la pili ndilo muhimu kuliko yote, na jibu lake ni la viti, si la kura. Baraza la watu 55 linahitaji 28 ili kuwa na wingi. East Suffolk mwaka 2023: Chama cha Kijani 16, Conservative 15, Labour 12, Liberal Democrats 11, mgombea binafsi 1. Hakuna anayekaribia 28 peke yake. Sasa jumlisha 16 na 11 na 1. Ni 28 kamili. Kijani, Liberal Democrats na yule diwani binafsi waliunda kundi moja, na Caroline Topping wa Kijani akawa kiongozi wa baraza. Diwani binafsi mmoja alitosha kuwavusha mstari.

Kundi kama hilo linaandikwa rasmi ndani ya baraza na lina uzito kisheria, kwa kuwa nafasi za kamati nyingi hugawanywa kwa uwiano wa makundi. Kwa hiyo kwenye jedwali lako weka safu mbili: chama alichogombea nacho diwani, na kundi alilokaa nalo barazani. Zinatofautiana mara nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Linganisha na Mid Suffolk, uchaguzi uleule, jirani kabisa. Viti 34, wingi ni 18. Kijani walipata 24, Conservative 6, Liberal Democrats 4. Hilo ndilo baraza la kwanza Uingereza nzima ambalo Kijani walilishika kwa wingi wao wenyewe. Hapo hakuna mazungumzo ya kundi wala mseto.

Mabadiliko ya viti kutoka 2019 yanaonyesha jambo hilohilo. East Suffolk, baraza lililozaliwa mwaka huo kwa kuunganisha Suffolk Coastal na Waveney, Conservative walikuwa na 39 na wakabaki na 15. Mid Suffolk walikuwa na 16 wakabaki na 6, huku Kijani wakipanda kutoka 12 hadi 24. Daima jumla ya waliopanda na walioshuka iwe sifuri ikiwa idadi ya viti haikubadilika. East Suffolk: Kijani +12, Liberal Democrats +8, Labour +5, Conservative −24, binafsi −1. Inafunga.

Tahadhari moja: tarakimu hizi zinalinganisha uchaguzi na uchaguzi. Magazeti mengine yanalinganisha na hali ilivyokuwa siku moja kabla ya kura, baada ya chaguzi ndogo na madiwani waliohama vyama. Ukichanganya mbinu hizo mbili kwenye safu moja, haitafunga na hutajua kwa nini.

Ipswich itenge. Nayo ni wilaya, yenye hadhi ya mji, lakini inachagua kwa mafungu: madiwani 48, kata 16 za madiwani watatu, na kila mara kinagombewa kiti kimoja kwa kila kata. Inafanya hivyo miaka mitatu kati ya minne, na mwaka wa nne hupumzika. Viti 16 vilivyogombewa 2023 havisemi nani anashika baraza, lazima uongeze vile 32 ambavyo havikuguswa. Na ukilinganisha, linganisha na uchaguzi wa mwisho wa viti vilevile, si wa mwaka jana. Ukikuta kata ya fungu imetangaza washindi wawili, kulikuwa na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa siku hiyohiyo: mwenye kura nyingi anachukua kipindi kirefu, anayemfuata anamalizia kilichobaki.

Kalamu_na_Rula:

Ahsanteni sana. Ukaguzi wa kikomo umenionyesha kata mbili nilizokosea idadi ya viti. Jingine: kuna kata tofauti ya mshindi na anayemfuata ni kura chache mno. Je, matokeo ya namna hiyo yanaweza kubadilika baada ya kutangazwa? Na wawili wakilingana?

Mhakiki_wa_Sanduku:

Kabla ya kutangazwa, ndiyo. Msimamizi anawaonyesha wagombea na mawakala tarakimu za muda, na hapo mgombea au wakala wake anaweza kuomba kura zihesabiwe upya. Msimamizi anaruhusiwa kukataa akiona ombi halina msingi. Hakuna tofauti maalumu ya kura inayolazimisha kurudia. Akishatangaza, mlango umefungwa. Hata kosa likionekana dakika tano baadaye, yeye mwenyewe hawezi kulirekebisha. Njia inayobaki ni kesi ya kupinga uchaguzi, inayofunguliwa ndani ya siku 21 baada ya siku ya kura. Kwa hiyo wakala akiona bango limeandikwa kwenye jina jirani, aseme hapohapo, kwa sauti, kabla tarakimu hazijasomwa.

Wakilingana, inaamuliwa kwa kura ya bahati. Sheria inasema bahati ikimwangukia mmoja, anahesabiwa kana kwamba kapata kura moja zaidi. Njia anachagua msimamizi: vijiti, vikaratasi, sarafu. Mwaka 2017 kwenye baraza la Northumberland, kata ya South Blyth, wagombea wa Liberal Democrats na Conservative walilingana wakavuta vijiti. Conservative akavuta kifupi, na chama chake kikaishia viti 33 kati ya 67, pungufu ya kiti kimoja cha wingi. Kwenye jedwali andika kura kama zilivyohesabiwa, wote sawa, na weka maelezo pembeni. Usimwongezee mshindi kura ambayo hakuna mtu aliyeipiga.

Njia_Panda:

Niongeze mambo ya baada ya kutangazwa, kwa kuwa tarehe huwachanganya wengi. Diwani mpya haanzi kazi usiku wa matokeo. Anaingia siku ya 4 baada ya siku ya kura, kwa kawaida Jumatatu, na hawezi kufanya kazi yoyote ya udiwani mpaka atie saini tamko la kukubali wadhifa. Ana miezi miwili. Asipotia saini, kiti kinakuwa wazi. Kiongozi wa baraza anachaguliwa na madiwani kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wiki chache baada ya kura. Ndiyo maana East Suffolk ilikaa kwa muda bila mtu kujua nani ataongoza, ingawa tarakimu zote zilikuwa hadharani.

Na katika maelezo ya jedwali, usiandike kwamba watu walipigia kura mashimo ya barabarani. Barabara, shule na huduma za wazee ni kazi ya baraza la kaunti. Wilaya inashika ukusanyaji wa taka, vibali vya ujenzi, makazi, na kukusanya kodi ya baraza, ambayo sehemu kubwa inaipeleka kaunti. Kaunti ina uchaguzi wake, mwaka mwingine, kwa mipaka mingine ya kata. Uliokuwa ufanyike Suffolk Mei 2025 uliahirishwa, kwa sababu serikali kuu inapanga kuziondoa ngazi hizi mbili na kuweka mabaraza ya ngazi moja. Kwa hiyo hifadhi fomu zako vizuri, na kila kata uiandike pamoja na jina la wilaya yake ya 2023.

Tarakimu_Hazisemi_Uongo:

Moja la mwisho kwa wasomaji wanaoishi kule. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na humo zimo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wenye kibali halali cha kukaa na wenye miaka 18, wanaruhusiwa kupiga kura za mabaraza. Si lazima uwe raia wa Uingereza. Kujiandikisha kunafungwa siku 12 za kazi kabla ya kura, ombi la kura ya posta siku 11 za kazi, saa 11 jioni. Asiye na pasipoti, leseni ya udereva wala kitambulisho kingine chenye picha kinachokubalika anaomba cheti cha mpigakura, hakina malipo. Kata inaweza kuamuliwa na watu wachache mno, na tarehe hizo zikipita hakuna wa kukufungulia.